U Mzima? Nasaha juu ya Utauwa na Nguvu za Mwili

Watu wawili wakutanapo asubuhi katika mji wetu wa Lubumbashi, kabla ya kuulizana habari za kazi na za watoto, mmoja humwuliza mwenzake kama yu mzima, na yule mwenzake, ikiwa hana homa wala maumivu ya mgongo, hujibu kuwa ni mzima kabisa, kisha kila mmoja hushika njia yake. Salamu hiyo ni ya zamani na ni njema. Lakini kadiri umri wangu unavyosonga nimejifunza kuisikiliza kwa makini zaidi kuliko nilipokuwa kijana, kwa sababu neno uzima limebeba mambo mengi kuliko tunayoyakumbuka tunapolitamka kwa haraka. Chungu kizima ni kile kisicho na ufa. Mtu mzima ni yule aliyekomaa akili, awezaye kukabidhiwa amana. Mgonjwa aliyepona husemwa kuwa amekuwa mzima. Na Wakristo, wanapoitaja karama kuu waliyoahidiwa na Mola wao, huiita uzima wa milele. Siha, ukamilifu, ukomavu na wokovu vimekaa pamoja ndani ya neno moja, kama jamaa wa nyumba moja wanaokula bukari katika sahani moja, na atakayemwondosha mmoja wao ataona upungufu kwa wote. Nasaha hii naiandika kwa ajili ya vijana wa mji huu, mabinti na wavulana, na kwa ajili ya wazazi wao, kwa kuwa naona tumeanza kuuliza na kujibu salamu hiyo kwa habari ya mwili peke yake.

Sisemi hivyo kwa kuudharau mwili. Alfajiri ya mwezi wa Juni, wakati baridi ya Katanga inapouma masikio na pumzi hutoka kinywani kama moshi, nimesimama mara nyingi mlangoni pangu nikiwatazama vijana wakipita mbio kwa vikundi, wakiimba na kupiga makofi, na moyo wangu umefurahi. Wengine wasio na fedha za kulipia jimu wamejitengenezea vyuma vya kunyanyua kwa saruji iliyomiminwa ndani ya makopo mawili na kuunganishwa kwa bomba, na kila jioni hukusanyika uani kuvinyanyua kwa zamu. Kijana aliyekusudia kuamka saa kumi na moja ili akimbie hana nafasi ya kukesha na pombe ya lutuku. Yule anayehesabu mara alizonyanyua amejifunza kwamba jambo kubwa hufikiwa kwa juhudi ndogo zinazorudiwa. Na yule anayeshindana kwa haki amejifunza kushindwa bila chuki. Hayo ni mafunzo ya thamani, na mzazi anayemkataza mtoto wake mazoezi kwa kisingizio cha dini amekosea. Hofu yangu huanza pale mwili, ulioumbwa uwe mtumishi, unapokalia kiti cha bwana: kijana anapojidunga sindano asizozijua asili yake ili misuli ivimbe upesi, binti anapoichubua kwa mafuta makali ngozi aliyopewa na Muumba wake, au anapomeza dawa za kunenepesha ili umbo lake lifanane na picha alizoziona katika simu, na wote wawili wanapoipima thamani yao, na ya wenzao, kwa macho ya wapita njia.

Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Timotheo, kijana aliyemwachia ulezi wa waumini wa Efeso, alilitolea jambo hili hukumu ya haki na ya upole. Alimwambia kwamba mazoezi ya mwili yana faida, ijapokuwa ni faida ndogo, bali utauwa una faida katika mambo yote, katika maisha haya na katika yale yajayo. Tuitazame vema mizani hiyo, maana wengi wameishika upande mmoja. Faida ndogo ni faida, wala haikuitwa hasara. Tena katika sura inayofuata ya waraka huo huo, mtume yule anamshauri mwanafunzi wake alitunze tumbo lake, kwa sababu alikuwa akiugua mara kwa mara. Lakini linalonigusa zaidi ni neno alilolichagua. Alipomwamuru Timotheo ajizoeze utauwa, alitumia neno la Kigiriki la viwanja vya wanariadha, na kutoka katika viwanja hivyo, kwa safari ndefu ya lugha za Ulaya, ndiko lilikotufikia hata neno jimu. Nasi Waswahili tunalo neno riadha, lililotoka katika Kiarabu, ambako kwa karne nyingi limetumika kwa kuunyosha mwili na kwa kuitiisha nafsi pia. Watu wa kale walijua basi kwamba roho huzoezwa kama miguu inavyozoezwa, kwa saa iliyowekwa, kwa kurudia, kwa kujinyima na kwa kuwa na msimamizi. Na Paulo alipowaandikia watu wa Korintho, ambao karibu na mji wao yalifanyika mashindano makubwa ya Isthmia, aliwakumbusha kwamba wakimbiaji walijinyima mengi kwa ajili ya taji liharibikalo, na kweli taji lenyewe lilisukwa kwa matawi ya msonobari au kwa majani tu.

Mji wetu unao ushahidi wake wa jambo hili. Mwaka 1939, watawa wa Mtakatifu Benedikto waliokuwa wakisimamia shule ya Institut Saint-Boniface, waliunda timu ya mpira kwa ajili ya wanafunzi wasiojielekeza kwenye upadri, wakaiita Saint-Georges. Timu hiyo ilibadili majina mara kadhaa, na leo ndiyo TP Mazembe ya Kamalondo, iliyotwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara tano, mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na ambayo mwezi Desemba 2010, kule Abu Dhabi, ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya kombe la dunia la vilabu. Neno mtawa na neno utauwa ni ndugu wa damu moja. Kwa hiyo kila Jumapili mji unapotikisika kwa kelele za shangwe, yafaa tukumbuke kwamba mche huo ulipandwa na watu ambao siku yao ilianza kwa sala, na ambao waliona kwamba hata kijana asiyekusudia kuvaa kanzu ya upadri anahitaji malezi ya mwili na ya tabia. Mpira huo ulizaliwa ndani ya nyumba ya ibada. Ni jukumu letu kuangalia usije ukaigeuza nyumba hiyo kuwa uwanja mtupu.

Lakini Lubumbashi imetupa pia funzo chungu. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilipoona kwamba ni hasara kubadili wafanyakazi kila mara, ilianza kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kuwaweka kambini pamoja na wake zao na watoto wao, ikawapa posho, hospitali na shule, ikaipima miili yao na kuilisha, kwa kuwa miili hiyo ndiyo iliyoitoa shaba ardhini. Wazee wetu wakazoea kusema kwamba kazi njo baba, kazi njo mama. Ukoloni ukapita, kampuni ikawa mali ya taifa na kuitwa Gécamines, nao wakaendelea kumtegemea baba yule yule. Kisha mgodi wa Kamoto karibu na Kolwezi ukaporomoka mwaka 1990, uchimbaji ukaanguka, mishahara ikachelewa miezi na miezi, na katika mpango wa kupunguza wafanyakazi wa mwaka 2003, watu zaidi ya 10,000 wakaondolewa kazini kwa malipo ya mara moja. Wengi walikuwa wamekwisha kuzitoa nguvu zao zote, na hawakuwa na nyingine za kuuza. Nawataja wazee hao kwa heshima, kwa kuwa wametuonyesha kwa maisha yao jambo ambalo vitabu vingi havikuweza kutuonyesha: anayethaminiwa kwa nguvu za mikono huwekwa kando nguvu zinapopungua. Ndivyo dunia inavyomtenda mchimbaji, ndivyo inavyomtenda mchezaji magoti yake yanapochoka, na ndivyo inavyomtenda binti aliyesifiwa kwa uso wake mikunjo ya kwanza inapotokea. Mungu hatumii mizani hiyo, na yeyote anayetaka kuishi kwa amani hapa duniani hana budi ajifunze mapema kupimwa kwa mizani nyingine.

Nami ninayo habari yangu ya kukiri. Nilipokuwa na umri wa miaka 22 nilikuwa na mwili uliosifiwa na watu, na sifa hizo nilizipenda mno. Mwaka huo mama yangu aliugua ugonjwa mrefu uliomlaza miezi mitano. Kumbeba kutoka kitandani hadi uani, penye jua, lilikuwa jambo jepesi kwangu, maana yeye alikuwa amekonda na mikono yangu ilikuwa imara; lakini nikishamweka kwenye mkeka, kabla hajamaliza kunieleza ndoto yake ya usiku, tayari nilikuwa nimesimama nikitafuta sababu ya kuondoka. Nguvu zangu zilitosha kumbeba; hazikutosha kukaa naye. Jirani yetu mmoja, mjane mwembamba ambaye asingeweza kuinua ndoo iliyojaa maji, alikuja kila siku alipotoka sokoni, akamwosha miguu, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akaisikiliza ndoto ile ile kwa mara ya kumi kana kwamba ndiyo kwanza inasimuliwa. Siku moja nilimwuliza mjane yule alikoipata subira hiyo. Akanijibu kwamba ameiomba na kuihangaikia kila alfajiri tangu alipofiwa na mumewe, na kwamba siku nyingi ameshindwa, akaanza tena. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa mazoezini miaka mingi, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa unataka kuizoeza nafsi yako utauwa, yapokee mambo haya machache, ambayo ni mepesi kuyataja na yanahitaji maisha mazima kuyatimiza.

La kwanza, weka saa, na saa hiyo iwe kabla hujaigusa simu yako, kwa sababu habari za dunia zikitangulia kuingia kichwani, sala hukuta mahali pote pamejaa. Dakika 15 zatosha kwa kuanzia. Injili ya Marko ina sura 16. Ukisoma sura moja kila alfajiri kwa utulivu, ukaitafakari na kumwomba Mungu juu ya jambo moja tu ulilolisoma, utaimaliza katika siku 16, kisha utarudi mwanzo na kushangaa jinsi ulivyopita mengi bila kuyaona. Usijitwishe mzigo mkubwa siku ya kwanza. Anayenyanyua chuma kizito kabla ya kuzoea huumia mgongo, na anayeapa kusali kwa muda wa saa tatu kila siku aghalabu haifikii Jumatano.

La pili, fanya hesabu jioni. Kabla ya kulala jiulize ni nani uliyemwambia uongo leo, ni nani aliyekuhitaji ukampita, na ni wema gani uliopewa usiushukuru. Omba msamaha kwa Mungu, na ikiwa kosa lamhusu mtu, asubuhi yake mwendee kwa miguu yako umwombe radhi. Maana toba isiyotoka nje ya chumba hupungua nguvu upesi.

La tatu, jifunze kufunga. Chagua siku moja katika juma, acha mlo mmoja, na thamani ya bukari na sombe ambayo ungekula umpelekee mwenye njaa, la sivyo utakuwa umepunguza uzito tu, usizidishe mapendo. Mama mjamzito, mgonjwa wa kisukari na anayetumia dawa wasijilazimishe. Wao wafunge ulimi usisengenye, au wafunge macho yasitamani, na saumu hiyo ni nzito kuliko ya tumbo.

La nne ni fedha, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi, kwa kuwa katika mji wa shaba na kobalti hakuna mahali nafsi inapopimwa kwa ukali kama hapo. Kila siku mizani hupunguzwa, gramu huongezwa kwenye karatasi, cheti hutolewa kwa asiyestahili, na kila mara husemwa kwamba ni matabishi tu, kitu kidogo cha kununulia soda. Kijana wa Goma aitwaye Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka 1981 na kusoma sheria, alikuwa mtumishi wa ofisi ya kukagua bidhaa mpakani. Aliletewa fedha ili aruhusu vyakula vilivyoharibika viingie sokoni, akakataa, maana aliwafikiria watu watakaovila. Alitekwa na kuuawa mwezi Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mwenye heri, na sherehe hiyo ilifanyika katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta, penye kaburi la mtume yule aliyemwandikia Timotheo juu ya faida ya utauwa. Kila nikiliwaza jambo hilo huona jinsi waraka wa kale na kijana wa Kongo walivyokutana. Wala tusidhani kwamba ushujaa wake ulizaliwa siku ile ya mwisho. Katika jumuiya ya Sant'Egidio alikuwa amezoea kuwahudumia watoto wa mitaani, akiwajua kwa majina na kwa njaa zao; na mtu aliyewazoea maskini kiasi hicho hawezi kwa urahisi kuruhusu wauziwe chakula kilichooza. Wewe huenda hutaitwa kuutoa uhai wako, lakini utaitwa kesho asubuhi kukataa faranga chache, na kukataa huko kudogo ndiko zoezi. Anayelikosa zoezi hilo asitarajie kuliweza lile kubwa.

La tano, tafuta mwenzi. Wakimbiaji hukimbia kwa kikundi kwa sababu siku moja huyu huchoka na yule humvuta. Uwe Mkatoliki, Mmethodisti, Mgarenganze au Mpentekoste, usikae peke yako. Ingia katika jumuiya ya mtaa wako au kikundi cha maombi, na katika kundi hilo mchague mtu mmoja mwenye umri na busara, umpe ruhusa ya kukuuliza habari za moyo wako, wala usichukie anapouliza.

La sita, zitumie nguvu za mwili wako katika huduma, ili utumishi na mazoezi viwe jambo moja. Mabega mapana yana kazi nyingi hapa Lubumbashi: yupo mzee anayehitaji kuchotewa maji mabomba yanapokauka, yupo mjane ambaye ukuta wake wa matofali umelainika kwa mvua, yupo mgonjwa hospitalini ambaye, kama hana ndugu wa kumletea chakula, hulala na njaa. Kijana anayemaliza kunyanyua vyuma vyake na kwenda kumchotea bibi wa jirani ndoo nne za maji amekwisha kuipata ile faida ndogo na ile kubwa katika saa moja.

Sina budi kuonya dhidi ya makosa mawili yanayovaa nguo za dini. Kosa la kwanza ni la wale wanaosema kwamba mwenye imani haendi kwa tabibu, nao huwaacha watoto wao wafe kwa malaria iliyo na dawa. Luka, aliyefuatana na Paulo, alikuwa tabibu, na hatusomi popote kwamba alikatazwa uganga wake. Sali, kisha mpeleke mtoto zahanati, na uendelee kusali njiani. Kosa la pili ni la wale wanaohubiri kwamba dalili ya kupendwa na Mungu ni gari, nyumba kubwa na mwili usiougua. Mafundisho hayo huirudisha ile mizani ya dunia ndani ya kanisa, na humfanya maskini aone haya ya kusali. Ikiwa utajiri ndio ushahidi wa neema, basi yule mjane aliyemwosha mama yangu miguu hakuwa na neema; nami niliyemwona kwa macho yangu siwezi kuukubali uongo huo hata kidogo.

Wazazi, nanyi pia nawaomba. Mtoto akishinda mbio msifuni, na akigawana mkate wake na mwenzake msifuni zaidi, ili ajue ni lipi linalowafurahisha. Msimwambie binti yenu kuwa ni mzuri tu. Mwambieni pia kuwa ni mkweli, siku aliposema kweli iliyomgharimu. Watoto hukua kuelekea mahali sifa zinapotoka, kama mmea unavyoelekea jua.

Siku chache kabla mama yangu hajafariki, rafiki yake wa zamani alikuja kumtazama, naye kwa mazoea ya mji wetu alipofika mlangoni akasema, «Mama, uko muzima?» kisha akaufunika mdomo wake kwa mkono, maana aliona jinsi mgonjwa alivyolala. Mama akamtazama kwa utulivu, akavuta pumzi, akajibu polepole, «Niko muzima.» Wala halikuwa jibu la desturi, kwa kuwa sote tuliokuwa chumbani tuliisikia sauti yake na tukaamini. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ukuta, kijana mwenye afya na mabega mapana, na nilijua moyoni mwangu kwamba lau ningeulizwa mimi swali lile, nisingeweza kulijibu kama yeye. Tangu siku hiyo nimo mazoezini.